Mpaka Hapa Sindano Ilipofika

Ukifika Tandale, ukaliacha soko nyuma yako pamoja na makuli wake wanaopiga mluzi ili watu wawapishe, ulizia kwa Mama Gozbert. Hutaelekezwa na mmoja. Watajitokeza wanne, na kila mmoja ama amevaa ama aliwahi kuvaa kitu kilichopita chini ya sindano ya mama huyo: kaptula za shule, sketi za marinda, magauni ya kipaimara, suruali za mabwana harusi waliochelewa kujiandaa. Jina lake la ubatizo ni Genoveva, na mlango wake ni ule wenye cherehani nyeusi ya miguu barazani.

Ukimwamkia ataitikia marahaba, tena ataivuta kidogo kama watu wa Muleba wanavyovuta maneno. Lakini ukimuuliza habari za tangu juzi, hajibu nzuri wala salama. Anasema, "So far so good."

Mgeni hutabasamu, maana bibi wa miaka sabini na tatu, mwenye kanga kiunoni na uzi mdomoni, hakumtegemea kusema hivyo. Wenyeji hawatabasamu. Wao wenyewe wameshaambukizwa. Muuza chipsi wa kona anasema so far so good. Vijana wa bodaboda wanasema. Katekista aliwahi kulisema mbele ya paroko alipoulizwa maendeleo ya wanafunzi wa komunyo ya kwanza, na paroko akamuuliza kama naye anashonewa kwa Mama Gozbert.

Kiingereza alichotoka nacho Genoveva darasa la saba kilikuwa cha kusimama na kuketi. Maneno haya hakuyapata shule. Aliyapata Magomeni, kwenye duka la sare za shule la Haiderali na mkewe Shamshad, mwaka sabini na nane.

Wakati huo alikuwa na miaka mitano tu Dar es Salaam. Mumewe, Deogratias, alikuwa karani bandarini, naye ndiye aliyenunua kiwanja Tandale kwa mzee mmoja wa Kizaramo, wakati Tandale kulipokuwa bado na minazi na mihogo na vyura wanaolala kwenye ndoo. Nyumba ilianza na udongo, ikaja mabati, ikaja tofali. Watu walikuwa wachache kiasi kwamba mtu akipika maharage unajua ni nani na umejua ameyaunga kwa kitu gani. Asubuhi wanawake walikutana bombani, na kabla ndoo ya kwanza haijajaa kila mtu ameshaulizwa watoto wamelalaje. Genoveva alipenda ile foleni ya bomba kuliko alivyopenda maji yenyewe. Mpaka leo bomba likiwa ndani ya nyumba yake, huwa anajikuta amelifungua akasimama nalo kidogo, kana kwamba kuna mtu atakuja kusimama nyuma yake.

Kwa Haiderali alikwenda kuomba kazi ya kushona vifungo. Shamshad ndiye aliyekuwa mkata nguo, mwanamke mwembamba mwenye miwani na tepu ya kupimia shingoni, hacheki ovyo. Alimpa shati moja na vifungo sita, akamwangalia anavyofunga fundo mwishoni mwa uzi.

"Nani kakufundisha fundo hili?"

"Mama yangu."

"Mama yako alikuwa mvivu?"

"Hapana, mama."

"Basi wewe usiwe mvivu kwa niaba yake. Zungusha mara tatu. Njoo kesho."

Hivyo ndivyo alivyoajiriwa. Ndani ya mwaka alitoka kwenye vifungo akaja kwenye pindo, kutoka pindo akaja kwenye marinda, na kutoka marinda akasogezewa kiti karibu na meza ya kukatia.

Haiderali alikaa mbele, kaunta. Kila baada ya saa moja hivi aligeuka akapaza sauti kwenda chumba cha nyuma kuuliza kazi inakwendaje. Na Shamshad, bila kuinua macho kwenye sindano, alijibu maneno yale yale manne. Genoveva kwa mwezi mzima alidhani ni dua ya kwao. Aliyaheshimu hivyo, yakisemwa, anatulia. Siku moja ndipo alipothubutu kuuliza.

Shamshad hakumcheka. Alikuwa na sketi ya buluu chini ya mguu wa cherehani, mshono wa ubavuni, umefika nusu. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Tazama. Hapa nilipoanzia. Hapa sindano ilipo. Katikati ya hapa na hapa, mshono umenyooka?"

"Umenyooka, mama."

"Hicho ndicho ninachosema. Mpaka hapa sindano ilipofika, pazuri. Mbele ya sindano sijasema kitu. Mbele hakuna mshono, kuna kitambaa tu."

"Na ukipinda?"

"Ukipinda sisemi. Nafumua."

Genoveva aliyabeba maneno hayo mpaka Tandale kama mtu aliyepewa mbegu. Kwao Muleba, na hapa pwani pia, mtu akiulizwa habari lazima aanze na nzuri. Hata maiti iwe ndani. "Habari za hapa?" "Nzuri, ila tumefiwa." Ndivyo adabu ilivyo, humtupii mtu msiba mlangoni kabla hajavua viatu, na Genoveva hakuwa na ugomvi nayo. Ila alifurahi kupata nzuri nyingine iliyo ndogo zaidi, nzuri iliyopimwa kwa tepu na kukatwa pale inapoishia.

Ilimfaa mapema kuliko alivyofikiri. Mwisho wa mwaka ule ule vita vikapiga kule kwao Kagera. Watu wa bombani wakawa wanamuuliza kila asubuhi, habari za nyumbani? Barua ya mama yake ilikuwa imetembea wiki tatu. Alichokuwa anakijua ni cha wiki tatu nyuma. Angesema nzuri, angekuwa mwongo. Angesema mbaya, angekuwa anawachuria walio hai. Akasema so far so good, akawaeleza maana yake kwa kidole juu ya pindo la kanga yake. Wanawake wakatikisa vichwa. Kesho yake mmoja akayatumia kwa mimba ya binti yake.

Ikaja miaka ya foleni, kitambaa kikawa adimu, sketi moja ikafumuliwa na kugeuzwa upande wa ndani ivaliwe na mdogo mtu. Akajifungua Gozbert, mtoto wake pekee aliyeishi, akamlea chini ya meza ya kukatia, kati ya vipande vya khaki. Shamshad alikuwa akimruka bila kumkanyaga na bila kuacha kukata. Mzee Haiderali alimpa vifungo vibovu achezee. Siku hizi Gozbert ni mpimaji wa ardhi, mtu wa ramani na nyuzi, na Genoveva haamini kwamba ni bahati tu.

Haiderali alifariki mwaka tisini na moja. Genoveva alikwenda na gauni jeusi aliloshona usiku uliotangulia, akakaa chini na wanawake wa kwao Shamshad waliojaa sebuleni. Kuna mama mmoja aliingia akamwinamia mjane, akamuuliza hali. Shamshad alimtazama muda mrefu. "Mpaka jana," alisema. Hakuanza na nzuri wala hakulia. Genoveva alikumbuka: ukipinda sisemi.

Baada ya arobaini duka lilifungwa, na Shamshad akaenda kuishi kwa binti yake ng'ambo. Siku ya kuondoka alimwita Genoveva, akamwonyesha cherehani nyeusi, akasema, "Chukua hii. Mimi huko nitashona nini, wananunua zilizoshonwa." Ikaja Tandale juu ya mkokoteni, imefungwa shuka kama mgonjwa. Imekaa pale barazani mpaka leo. Deogratias alikufa mwaka elfu mbili na tatu, cherehani ikawa ndiyo inayotoa sauti ndani ya nyumba.

Sasa, miaka mitatu iliyopita, jicho la kulia la Genoveva lilianza kufanya mvuke, kama mtu anayefunua sufuria karibu na uso. Alilaumu taa. Akahamisha cherehani kutoka ndani akaileta dirishani, kutoka dirishani mlangoni, kutoka mlangoni barazani, na alipokosa pengine pa kufuata jua, jicho la kushoto nalo likaanza. Hakumwambia mtu. Alikuwa na sababu yake, nayo ilikuwa Mbweni.

Gozbert amejenga Mbweni. Nyumba nzuri, ukuta, geti, upepo wa bahari, chumba cha mama kimeshapakwa rangi tangu mwaka juzi. Mkewe, Hope, ni mkwe mwenye adabu. Tatizo siyo wao. Tatizo ni kwamba Mbweni mtu anashinda siku nzima asisikie shikamoo ya bure. Wote wako ndani ya kuta zao. Na Gozbert alikuwa amesema, kwa sauti ya upole ambayo ndiyo mbaya, "Mama, mimi sikulazimishi. Lakini siku utakayoshindwa kitu kimoja tu, kimoja, nakuja na gari."

Basi Genoveva hakushindwa kitu. Uzi mwekundu uko kulia kabisa ya rafu, mweupe unaufuata, mweusi mwisho kushoto. Hatua kumi na nne hadi kwa Recho, jirani yake wa ukuta mmoja, anayeuza mchele sokoni. Watu aliwajua kwa sauti na kwa mwendo. Mwenye kandambili za kuburuza ni huyu, mwenye kikohozi ni yule. Na kila Jumapili mchana, Gozbert alipopiga simu akauliza hali, alijibu, "So far so good, baba." Gozbert akacheka, akahamia kwenye habari za watoto.

Mwezi wa nane ukaleta sikukuu ya somo wa jumuiya yao, Mtakatifu Monika. Kila miaka mitatu kina mama wanashona sare mpya, na kila mara anayeshona ni Genoveva, haulizwi, haandikwi kwenye kumbukumbu za kikao. Safari hii walichagua kitenge cha rangi ya maziwa chenye njiwa na kalisi, kile kikombe cha divai cha misa. Njiwa anaruka juu, kalisi iko chini yake. Magauni kumi na mawili. Walimletea mzigo, akawapima mabega kwa utani wa kila siku, huyu kanenepa, huyu amekuja kupimwa bila kile kifua cha juzi.

Kuna sheria moja ya kitambaa chenye picha, naye aliifundisha kwa wasichana wasiopungua ishirini. Kitambaa cha maua ya kutapakaa unaweza kukikunja kwa juu, mkunjo ukakaa mabegani, na kukata mbele na nyuma kwa mkato mmoja, unaokoa muda. Cha picha yenye kichwa na miguu, kamwe. Unakata vipande viwili mbalimbali, vyote vikitazama juu. La sivyo, mbele picha inasimama, nyuma inapiga mbizi.

Magauni kumi na moja aliyakata hivyo, kipande kwa kipande, akikisogeza kitambaa hadi puani kuutafuta mdomo wa njiwa. La kumi na mbili lilikuwa la Recho. Ilikuwa alasiri, jua limehama barazani, macho yamechoka, na mikono yake yenye miaka arobaini na saba ya kazi ikafanya inavyojua yenyewe. Ikakunja. Ikakata.

Siku ya sikukuu aliwasikia wanapanga mstari nje ya kanisa, nguo mpya zikikwaruzana. Alijiona mtu. Ila alishangaa kwamba Recho, katika joto lile, alikuwa amejifunika kanga mabegani toka mwanzo wa maandamano hadi baraka ya mwisho.

"Unaumwa, Recho?" alimuuliza wakati wa matoleo.

"Kaubaridi, mama."

"Baridi ya wapi?"

"Ya feni, mama."

Feni ya upande ule ilikuwa mbovu tangu Pasaka.

Baada ya misa walikwenda kunywa chai uani kwa mwenyekiti wa jumuiya. Pilau ikaletwa, Recho akapakua, na mtu anayepakua pilau mikono yote miwili hana namna ya kushikilia kanga. Ikadondoka. Nyuma yake alikuwa amekaa Albano, mwimba besi wa kwaya, mzee wa rika la Genoveva ambaye hajawahi kukaa na neno mdomoni likalala.

"Ee Mama Gozbert," Albano alisema, "naomba kuuliza. Hawa njiwa wa Recho huku nyuma wametumwa wapi? Maana wa wenzake wote wanakwenda juu, hawa naona wameshika njia ya kuzimu. Na kalisi imeshamwaga."

Watu wawili walicheka. Wengine kumi hawakucheka, na ni hao kumi waliomwambia Genoveva kila kitu. Alisikia kijiko kikiwekwa. Alisikia Recho akivuta kanga yake kutoka chini haraka haraka.

"Hebu njoo," alisema.

"Mama, acha tu, Albano anajulikana."

"Njoo hapa, nimesema."

Akamshika begani, akapitisha vidole mgongoni. Vidole havikumwambia kitu. Picha ya kiwandani haina mwinuko. Ikabidi akaribishe uso mbele ya watu wote mpaka pua ikagusa nguo, auzungushe mgongo wa Recho upande wa jua, atafute. Akaupata mdomo wa njiwa. Ulikuwa unatazama sakafu.

"Nimekunja," alisema polepole. Hakuna aliyejua anamwambia nani.

Albano akasogea na kiti chake. Utani ulikuwa umemtoka. "Shemeji, nisamehe. Nilidhani ni fasheni."

"Siyo fasheni. Ni kosa. Endelea kula."

Njiani Recho alimshika mkono, na kwa mara ya kwanza Genoveva hakuuondoa. Walipofika wakakaa kwenye benchi la baraza.

"Ulijua lini?" Genoveva aliuliza.

"Jana. Nililivaa, mama, mbele ya kioo likawa zuri, kumbe kioo kinaonyesha mbele tu. Mwanangu ndiye aliyeniambia mgongo umegeuka."

"Hukuja kuniambia."

"Nikuambieje, mama? Nikiwa mtoto ulinishonea sare bure miaka saba."

"Kwa hiyo ukaamua kuoka kwenye kanga."

"Mama, sie wote tunajua. Siyo gauni. Macho. Unawekaga chumvi kwenye chai yetu, tunakunywa. Mwezi wa pili ulimpa pole mama wa saluni ukidhani ni yule aliyefiwa, akaipokea."

"Na Gozbert?"

"Huwa anapiga. Ananiuliza, sista Recho, mama yuko sawa? Namwambia so far so good."

Genoveva aliondoa kilemba akakiweka magotini. Alikuwa na hasira, lakini kila alipotaka kumpa mtu aibebe hakuona wa kumpa. Uchochoro mzima ulikuwa umejifunza yale maneno kwake, ukayafanya kanga ya kumfunika yeye. Na ni yeye aliyewaonyesha namna. Lini alikuwa ameacha kuyapima? Miaka mitatu sindano imetoka kwenye mstari, na yeye kila Jumapili anapaza sauti kutoka chumba cha nyuma kwamba mshono umenyooka. Moyoni alimwona Shamshad siku ya msiba, sebuleni kwake, katikati ya wanawake, macho makavu. Alimkumbuka sana saa ile, kuliko siku yoyote toka mkokoteni ulipoileta cherehani. Alitamani amuulize jambo moja: ule mwaka wa mwisho wa duka, miwani ilipoongezwa unene mara mbili, alijua ni nani aliyekuwa anamkatia vipande kabla ya asubuhi, halafu anasema vimekatwa na Shamshad mwenyewe? Maana Genoveva ndiye aliyekuwa akivikata, na hawakuwahi kulizungumza.

Simu ikaita. Ilikuwa saa nane, saa ya Gozbert.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Habari za sikukuu? Hali?"

Recho alikuwa anaangalia chini. Genoveva alivuta pumzi.

"Nzuri," alisema, kwa adabu ya kwao, kama mtu anayeanza kumvua mwenzake viatu. "Ila sioni."

"Huoni nini, mama?"

"Sioni, baba. Miaka mitatu sasa. La kulia halina kitu, la kushoto linaniibia."

Upande wa pili kiti kilisukumwa.

"Nakuja," Gozbert alisema.

"Njoo kesho. Leo nina wageni." Hakuwa na wageni. Alitaka siku moja.

Gozbert alikuja Jumatatu asubuhi, yeye na Hope. Aliketi kwenye kigoda cha mteja, magoti juu, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu. Genoveva alikuwa amevaa vizuri, na alikuwa ameshasafisha nyumba yote, ili isionekane ni nyumba ya kuokolewa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenichukua."

"Ningekuchukua, ndiyo."

"Basi umeshajijibu."

"Mama, mimi siyo mgambo." Sauti yake ilipanda kisha ikashuka. "Kila Jumapili nakuuliza. Kila Jumapili. Nimekaa naamini."

Hilo lilimgusa pale alipokuwa hajajiandaa. Alitegemea ugomvi wa nyumba, na kwenye huo alikuwa na majibu yake. Hakutegemea mtoto aliyeambiwa uongo.

"Hapo nimekukosea," alisema. "Hapo tu. Kwenye nyumba bado tutagombana."

Hope akacheka, akaficha mdomo.

"Sikia, mkwe, wewe nawe nikuombe radhi," Genoveva aliendelea. "Siku ile mlipobariki nyumba Mbweni, nilisifia mapazia yenu mpaka padri akageuka. Sikuyaona. Niliyashika. Nyumba yenyewe niliiona kama mwanga mweupe wenye baridi, mkasema hapa jikoni, nikasema hongereni."

"Mama, zile zilikuwa shuka tumetundika kwa muda," Hope alisema. "Mapazia yalikuwa hayajafika."

Hapo Gozbert naye akashindwa. Walicheka wote watatu, mpaka Recho akachungulia ukutani kuuliza kuna heri gani.

Baada ya hapo ikawa rahisi kupatana. Kliniki kwanza. Hope alikuwa ameshauliza: mtoto wa jicho hutolewa, mtu akarudi nyumbani siku hiyo hiyo, ila matone lazima yatiwe kwa saa zake kwa wiki kadhaa, na mgonjwa mwenyewe asiinamie kazi. Wiki hizo Genoveva angelala Mbweni. Alikubali. Ufunguo wa Tandale ungekaa kwa Recho. Alikubali Gozbert.

"Na baada ya wiki hizo?" Gozbert aliuliza.

"Baada ya hizo nitaiangalia nyumba yako kwa macho, chumba kwa chumba. Nikiipenda nitasema. Nisipoipenda nitasema."

"Utasema kweli?"

"Nitasema."

"Basi mimi hilo linanitosha, mama. Popote utakapolala."

Alhamisi walikuwa kliniki, wameketi kwenye viti vya plastiki kati ya wazee wenzao, kila mmoja ameletwa na mtoto au mjukuu. Muuguzi, msichana mwenye sauti ya kwao Moshi, alimkalisha mbele ya ukuta, akamziba jicho la kushoto kwa kikombe.

"Bibi, unaona vidole vingapi?"

Kulikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu kitu kinasogea. Genoveva aliwajua wapimaji. Wengi huinua viwili, wakichoka vitatu. Angesema viwili angepata nafasi nzuri ya kupatia. Gozbert alikuwa amesimama nyuma yake.

"Sivioni, mwanangu."

Kalamu ikakwaruza karatasi. "Asante, bibi. Wengi wanabahatisha, halafu wanatupa kazi."

"Mimi pia nilitaka," Genoveva alisema, akainua mkono mwenyewe kuliziba la kulia, ili la kushoto nalo lipimwe.